Kanga ya Mama Zizini

Jiko la mama lilikuwa banda la mbao pembeni ya migomba, na mimi nilifukuzwa humo kabla sijaanza shule. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakoroga loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando na ndizi, kwa mwiko mrefu kuliko mkono wangu. Dada yangu alikuwa anamenya ndizi. Tulikuwa tunacheka na mama, sikumbuki kwa nini. Akaingia shangazi, dada wa baba, akanitazama, kisha akamuuliza mama tangu lini nyumba ile ina wasichana wawili. Mama alininyang'anya mwiko, akanichapa nao mgongoni, si kwa nguvu, akasema, "Mwanaume hakai jikoni. Toka nje."

Nikatoka. Nje kulikuwa na gogo la kupasulia kuni, nikakaa hapo. Anayeijua baridi ya Mlima Meru mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, moto ulikuwa ndani na vicheko vilikuwa ndani. Nililia huku nimeuma mkono wa sweta, maana nilishafundishwa kwamba mwanaume halii. Tangu hapo gogo lile likawa kiti changu cha jioni. Nilisubiri chakula kipelekwe sebuleni, ambako baba alikula peke yake kwenye viti vyake vizuri vya baridi.

Nimekua, nimekuwa mpishi. Si utani. Napanda mlima na watalii, Meru na Kilimanjaro, nawapikia supu, mikate na keki za siku ya kuzaliwa ndani ya mahema ambayo upepo unataka kuyang'oa. Wapishi wenzangu wote ni wanaume, wengine wana ndevu mpaka kifuani, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama ni wasichana. Shangazi yule yule hujisifu kanisani kwamba mtoto wa kaka yake anapikia wazungu. Lakini nikirudi nyumbani nikashika sufuria, ananiambia niache, nisijitie aibu. Siku moja nikamuuliza tofauti ni nini.

"Kule unalipwa, baba," akasema.

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote. Moto ni ule ule na vitunguu ni vile vile, ila ukilipwa ni kazi ya mwanaume, usipolipwa ni mambo ya kike.

Siku hizi watu wanabishana kama wanaume nao wanabaguliwa. Nawasikia kule Usa River ninapokwenda kunyoa. Wanaopiga kelele zaidi kwamba tunabaguliwa, ukiwasikiliza vizuri utakuta hawadai kitu, wanataka tu wanawake wanyamaze. Na wanaosema hatubaguliwi hawajawahi kukaa kwenye lile gogo. Mimi nina hasira na pande zote mbili, na nitaeleza nilizipata wapi.

Mama alipatwa na kiharusi akiwa anamkatia ng'ombe wake majani. Upande wa kulia wote ukalala, maneno yakapotea. Baba alishafariki zamani. Mimi nilikuwa nimetoka mlimani juzi yake, nikambeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari, tukafika hospitali. Mpaka hapo kila mtu alinisifu. Tulipofika mlango wa wodi nikasimamishwa.

"Kaka, hii ni wodi ya wanawake. Hakuna ndugu wa kike?"

Nikasema dada yangu yuko safarini kikazi, nipo mimi. Muuguzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, na sikubishana naye kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa na haki ya kusitiriwa. Kilichonikera ni alichosema baadaye. Alisema kesho yake, katika chumba cha mazoezi, wangefundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumnyoosha viungo, kwa hiyo nilete mwanamke wa nyumbani. Nikamleta shangazi, ambaye magoti yake hayamruhusu hata kuinama achume mboga. Yeye akaketishwa mbele. Mimi nilibaki nje ya dirisha la kioo, nikatazama mikono ya muuguzi ikionyesha kwa kumtumia mwanafunzi wa uuguzi, aliyelala pale na nguo zake zote: unaanza na upande mzima, unafunua sehemu ndogo, unaosha, unakausha, unafunika kabla hujafunua nyingine. Shangazi alisinzia katikati ya somo. Nusura nigonge kioo.

Kwetu, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na shamba lao, na ndiye anayewatunza mpaka mwisho. Mimi ndiye huyo, na nimeambiwa hivyo tangu nipate akili. Wasichokisema ni kwamba wakisema nimtunze mama, wanamaanisha mke wangu amtunze. Mke sina. Tuliachana kwa amani kabla hatujajaliwa mtoto. Kwa hiyo nilikuwa nimerithi kazi ambayo nakatazwa kuifanya.

Tuliporudi nyumbani, shangazi akawa anavuka kijito kila asubuhi kuja kumwogesha mama. Akimaliza, yeye mwenyewe anahitaji kulazwa. Chakula nilipika mimi, na majirani walijifanya hawaoni moshi. Mama alikula nilichopika huku ametazama ukuta. Siku moja shangazi alichelewa sana. Nikachemsha maji, nikabisha hodi chumbani kwa mama na beseni mkononi. Aliponiona alivuta shuka mpaka kidevuni kwa mkono wake mmoja mzima, akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Nikarudisha beseni jikoni. Sikumlaumu, maana hata mimi nilifundishwa kwamba mtoto wa kiume haingii chumba cha mama yake ovyo. Lakini nilikwenda nikakaa kwenye gogo, mtu mzima mwenye mvi, na nilijisikia kama siku ile.

Akabaki ng'ombe. Kukamua nako kwetu ni kazi ya wanawake, maziwa ni ya mama wa nyumba, na mwanaume akionekana chini ya ng'ombe na ndoo watu hucheka mpaka wanashika miti. Ng'ombe wa mama ni mweusi mwenye doa jeupe usoni, na hakumtaka mtu mwingine. Mke wa jirani alijaribu, akapigwa teke la paja. Shangazi hakuthubutu kumsogelea. Ndama alinyonya alichoweza, lakini maziwa yalimzidi, na kiwele kikaanza kuvimba. Ng'ombe akawa analia, na kila akilia, mama ndani naye anahangaika kitandani, akinyoosha mkono kuelekea zizini.

Asubuhi iliyofuata niliamua. Nikachukua kanga ya mama, ile aliyoivaa siku alipoanguka, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifua. Nikajifunga kiunoni. Nikavaa sweta lake, nikajifunga kitambaa chake kichwani, nikaingiza miguu kwenye mabuti yake ya mpira, vidole vimekunjwa. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani ambao yeye huuimba akikamua. Ng'ombe aligeuza shingo, akaninusa kwenye kanga muda mrefu, akapumua. Kisha akatulia. Maziwa yalipoanza kulia kwenye ndoo nilifurahi kuliko siku niliyofika kilele cha Kilimanjaro mara ya kwanza.

Ukungu ulikuwa mzito. Shangazi akatokea kwenye njia ya migomba na fimbo yake, akaona mgongo. Akaona kanga, kitambaa na sweta, akasikia wimbo.

"Haleluya!" akapiga yowe. "Ameinuka! Bwana asifiwe, wifi yangu ameinuka!"

Kabla sijafungua mdomo alishatupa fimbo na kukimbia, yeye wa magoti, akiita majirani kwa majina yote. Wakaja kupitia kwenye migomba, huyu na jembe, huyu na mswaki mdomoni, akina mama wanapiga vigelegele. Nilipogeuka, ndevu zikaonekana. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Cha mwisho kilichelewa, cha bibi mmoja asiyeona vizuri, aliyeendelea kushangilia peke yake mpaka akashikwa mkono.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, maana sikujua la kusema.

Hakuitikia. Alikaa juu ya hori la majani, akajishika kichwa. "Toba," akasema. "Toba, toba, toba."

Ndipo tukasikia sauti kutoka dirishani kwa mama. Ilikuwa ya kukwaruza, inakatika na kuanza tena, na mwanzoni niliogopa nikadhani amezidiwa. Nikakimbia ndani na kanga yangu. Mama alikuwa ameinua shingo, anachungulia zizini. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu siku alipoanguka, na sikujali tena nani ananitazama.

Mchana habari ilikuwa imefika Makumira, jioni imefika Nduruma kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Akaitisha kikao Jumamosi. Tulikaa sebuleni: yeye, shangazi, mimi, mama kwenye kiti chake na blanketi miguuni, na dada yangu aliyekuja kutoka Njiro. Dada yangu anafanya kazi kwenye shirika la kutetea haki za wanawake. Baada ya miaka mingi ya kuwa msaidizi wa watu walio wadogo kwake, walikuwa wamempa kuongoza ofisi, na Jumatatu alitakiwa kusema kama anakubali.

Baba mdogo alianza kwa maombi, kisha akaanza kweli. "Mwacha mila ni mtumwa," akasema. "Leo kanga, kesho tutamkuta amesuka nywele." Akasema njia ni mbili. Ama nioe kabla ya Pasaka, au dada aache kazi arudi kumtunza mama yake kama binti yeyote.

"Baba mdogo," nikasema, "mke si dawa ya kiharusi."

"Nyamaza wewe. Umeshatutosha."

Dada alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Nilingoja aseme. Mwanamke huyu nimewahi kumsikia redioni akimkatiza mkuu mmoja katikati ya sentensi. "Nitarudi," akasema, kwa sauti ya yule msichana wa kumenya ndizi.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Nikamwomba tutoke kidogo. Tukasimama nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa lile jiko la mbao.

"Wewe si ndiye unayefundisha watu mahotelini kwamba kulea si kazi ya mwanamke peke yake?"

"Usinianze."

"Nakuanza. Mimi nipo, mikono ninayo, mlima nimeshauaga, nitaoka mikate hapa hapa niipeleke Usa River. Hakuna aliyeniuliza. Na hizo semina zenu, mbona hazitukumbuki sisi tunaofukuzwa?"

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Mdogo wangu, wewe ulifukuzwa jikoni ukapewa shamba. Mimi nilipewa jiko nikanyimwa shamba. Hata hapa tuliposimama ni kwako. Machozi yako na yangu usiyapime kwa kibaba kimoja."

Ni kweli, na iliniuma. Nimelala miaka mingi kwenye nyumba ambayo angekuwa na haki nayo kama mimi, na sijawahi kuona ajabu. Wanaume wa pale kwa kinyozi Usa River wangenicheka kwa kukubali upesi, lakini wao hawakuwa wamesimama mbele ya dada yangu.

"Sijasema yanalingana," nikasema. "Nasema mlango ni mmoja. Ulifungwa, mimi nikabaki nje, wewe ukabaki ndani."

Akautazama mlango. "Nilikuwa nakuona kwenye upenyo wa mbao," akasema. "Umekaa kwenye gogo lako. Macho yananiwasha kwa moshi, mikono ina utomvu wa ndizi, nakuonea wivu. Nilidhani unapumzika."

"Nilikuwa nalia."

"Sikujua."

"Nilikuwa nimeuma sweta."

Alinishika bega. Kuku wa mama wakatuzunguka wakidhani tuna mahindi. Kisha akasema jambo ambalo namheshimu nalo mpaka leo. "Nikikufikiria unamwogesha mama, naona haya. Mimi ninayefundisha. Kichwa kinasema sawa, moyo unakataa."

"Hata wangu," nikasema. "Lakini si moyo utakaomwogesha, ni mikono."

Tukarudi ndani. Dada hakukaa. Alisema hataacha kazi, na kwamba mtu wa kumtunza mama yupo.

"Nani?" baba mdogo akauliza.

"Huyo hapo."

Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi. Shangazi ndiye aliyeuliza swali la maana, na nampa haki yake. "Na mwenyewe mmemuuliza?"

Tukamgeukia mama. Maneno machache yalikuwa yameanza kumrudia wiki ile: maji, ng'ombe, Mungu. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akafumba macho. Baba mdogo akachukulia hiyo kuwa ni amina ya mazungumzo. Akafunga kikao kwa sala ndefu, akaondoka kwenda Nduruma akisema tutaona. Shangazi akachukua fimbo yake, akasema kwamba kesho haji, magoti yamekataa. Sijui kama yalikuwa magoti kweli.

Usiku dada alilala chumba kimoja na mama, na begi lake alilifungua kabisa, akapanga nguo kabatini kama mtu anayekaa. Nikaliona, nikaenda kulala.

Asubuhi ya Jumapili nilikamua, safari hii bila kitambaa kichwani, kanga tu. Ng'ombe hakujali. Nilipoingia jikoni na ndoo, dada alikuwa amechemsha maji, amemimina kwenye beseni, anatafuta sabuni. Akabeba beseni kwenda chumbani. Nikabaki mlangoni pa jiko nikipeperusha moshi. Kutoka ndani nikamsikia mama.

"Si wewe."

Halafu dada akatoka mikono mitupu. "Anakuita," akasema.

Niliingia na mabuti ya mama miguuni, nikarudi nikayavua, nikaingia tena. Mama alikuwa ameegemea mito. Alininyooshea mkono wa kushoto, nikadhani anataka nimshike, kumbe alikuwa anaonyesha kanga kiunoni mwangu. Nikaifungua, nikampa. Akajitandazia kifuani mpaka magotini, akaipigapiga mpaka ikakaa sawa, akageuza uso ukutani. "Haya," akasema.

Nikafanya kama nilivyoona kupitia kile kioo cha hospitali. Upande mzima kwanza. Mkono, kwapa, natazama ninachoosha na si kingine, nakausha, nafunika. Mama alikuwa mwepesi sana. Nikamgeuza taratibu kwa ubavu, nikaanza mgongo. Mgongo wa mama yangu sikuwahi kuuona. Una kovu dogo karibu na bega, ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia lilitoka wapi. Sehemu nyingine dada aliingia tukasaidiana, yeye anashika kanga, mimi naosha, na mama akatulia. Kisha dada akatoka kwenda kumwaga maji. Baadaye nilimwona anarudisha nguo kwenye begi.

Nilikuwa nimeleta maji mapya, namalizia shingo. Mama alikuwa bado ametazama ukutani.

"Gogo," akasema.

Sikuelewa. "Gogo gani, mama?"

Alihangaika na ulimi wake. Nikasubiri. "La nje. Jikoni."

Kitambaa kikasimama mkononi mwangu.

"Nilikuwa nakusikia," mama akasema.

Nikakamua kitambaa, nikamwosha bega la pili upesi, maji yalikuwa yanaanza kupoa.